Nilivyofunga layer ya mshale, choo cha Abba kikaangalia qibla

Wakuu, salaam aleikum kwa watu wa salaam, na watu wa habari, habari zenu. Naandika nikiwa Isiolo mjini na haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Ukinishuku, muulize fundi Mutwiri, hadi leo anacheka.

Mimi ni msichana wa Kinna. Nasomea hapa mjini kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta, ile CAD, ngazi ya kati.

Ngazi ya kwanza ilikuwa mistari na maduara tu. Ya kati ndiyo inaleta kiburi, kwa sababu hapo unafundishwa layer.

Kwa wasiojua: layer ni kama karatasi za nailoni za kuonyesha ndani, umezipanga moja juu ya nyingine. Kuta ziko kwa moja, milango kwa nyingine, maandishi kwa nyingine. Na kila moja unaweza kuifunga kufuli. Ukishaifunga, hata wewe mwenyewe huwezi kuisogeza. Shikeni hapo.

Sasa Abba, yaani baba yangu, alitaka kujenga nyumba mpya. Nikamwomba nichore mimi. Akaniangalia weee.

"Sawa. Nyumba ikitoka vizuri kwa karatasi, unaendelea na hiyo kompyuta. Ikitoka vibaya, unarudi kukaa duka."

Hilo duka nalijua, wakuu. Ni sukari, majani, na wazee wa kukuuliza utaolewa lini. Walai nilichora kama mtu anafukuzwa.

Choo nilikiweka kwa heshima zote. Sisi Waislamu ukiwa chooni huangalii qibla wala huipi mgongo, na qibla ya huku kwetu ni karibu kaskazini kabisa. Kwa hivyo anayechuchumaa nikampa mashariki. Mshale wa kaskazini nikauweka pembeni kwa layer yake, nikaifunga kufuli nisije nikauharibu. Nikajiskia nimeiva.

Siku ya kuprint, nyumba ikakataa kuingia kwa karatasi. Nyumba imesimama, karatasi imelala. Si rahisi? Nikachagua kila kitu, nikaandika ROTATE, yaani zungusha, nyumba ikalala vizuri. Nikapeleka Kinna nikijipongeza.

Abba akashika karatasi. "Hii mshale ni ya nini?"

"Ni kaskazini, Abba."

"Kaskazini si ndiyo qibla?" Akafurahi sana. "Kumbe hii kompyuta inajua dini!"

Tukaenda kiwanjani na Mutwiri, fundi wa kujenga, Mmeru mpole sana. Abba akaelekeza mshale qibla, Mutwiri akafuata karatasi akachora vyumba vyote, hadi pa kukanyaga chooni, kwa jembe hapo kwa mchanga.

Abba akaanza kuingia nyumbani mwake. Nasema kuingia, wakuu! Alibisha hodi. Akapita sebuleni, akanusa jikoni, halafu akafika chooni.

Akachuchumaa. Kofia kichwani, fimbo mkononi, mchana peupe, majirani wanaangalia kutoka kwa ua. Akainua macho. Akaruka kama ameumwa na siafu.

"Astaghfirullah!"

Mutwiri akatupa jembe. "Mzee, kuna nyoka?"

"Afadhali nyoka! Hii choo inaangalia Makka!"

Nikafungua laptop juu ya mawe, kuangalia, kumbe ni ule mshale. Nyumba yote iligeuka, mshale wenyewe ukabaki pale pale kwa sababu niliufunga kufuli.

"Si kitu, Abba," nikasema haraka haraka, "sigeuzi nyumba. Nageuza mshale tu."

Hapo ndipo niliharibu kabisa. Abba akanijia na fimbo.

"Ati unageuza nini? Qibla? Wewe? Na kidole?"

Ilibidi nishike ile karatasi mkononi mwake niizungushe polepole, mpaka akaona ni nyumba inazunguka na qibla imekaa kwake. Mutwiri akafuta mchanga, akachora upya. Abba akarudi chooni, akachuchumaa tena.

Akaangalia mbele. Akaangalia kushoto. Nikajua duka linaningoja.

"Choo ya nyumba ya zamani," akasema, bado amechuchumaa, "tulijua imekosea simenti ikiwa imeshakauka. Miaka yote hiyo mimi nakaa upande upande. Mama yako pia. Wageni tunawaeleza mlangoni. Leo nimejua mapema, hata shimo haijachimbwa."

Akaninyooshea mkono nimwinue, magoti yalikuwa yamekataa.

"Jumatatu rudi shule."

Nililia, wakuu, sitaficha. Mutwiri naye alikuwa chini, hajiwezi kwa kicheko.

Nilichojifunza: kabla ya kuzungusha kitu, angalia kwanza umefunga nini. Na ramani ikishatoka, mwenye nyumba aende akachuchumae kabla ya simenti.

Haya, uwanja ni wenu. Wale ambao choo cha kwenu kimeangalia pabaya, semeni ukweli hapa: mnakaa aje?