Simba Wasio na Vichwa na Vidole vya Sogokuru

Nianze kwa kukiri, maana hapa Murusagamba kila mtu anajua, na hata nikinyamaza mtaambiwa na wengine, tena wakiongeza chumvi: mimi ndiye yule binti aliyesimamisha mazishi ya babu yake mwenyewe kwa sababu ya shilingi mia mbili. Ndiyo, mimi. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Mia mbili yenyewe haikuwa ya kununulia maandazi. Ilikuwa sarafu iliyokosewa kiwandani: simba wa upande wa nyuma walisogezwa pembeni, vichwa vikakatika, na ukingo wa pili pakabaki kipande cha chuma kitupu, chembamba kama mwezi mwandamo. Aliyeigundua ni Sogokuru (ndivyo tunavyomwita babu nyumbani, kwa Kirundi chetu), alirudishiwa chenji sokoni akaniletea, "Mchumba, hawa simba walikwenda vitani?" Toka hapo tukawa timu, yeye anapekua kila chenji inayopita mkononi mwake, mimi napiga picha kwa simu ya mama na kuzituma kwenye kundi la mtandaoni la wakusanyaji wa sarafu zenye kasoro, ambako dada mmoja wa Biharamulo ndiye mwenye sheria zote: mwanga wa dirishani, kitambaa kisichong'aa (nilitumia sketi yangu ya shule, msimwambie mwalimu), na kidole kisionekane kabisa.

Sasa aliyekuwa ananinyooshea sketi isijikunje ni Sogokuru. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa migomba, utomvu wa miaka yote, ule ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda, na viliingia kwenye kila picha, nami kila picha nikavikata, halafu nikaifuta ile nzima yenye vidole kwa kuwa simu ilikuwa imejaa. Akaniomba mara ya kwanza, ya pili, sijui ya ngapi, nimpige na yeye akiwa ameishika sarafu yake. Na mimi kwa mdomo wangu huu nikamjibu, "Sogokuru, vidole vyako vina ramani ya Burundi nzima, watu wataangalia mipaka waache sarafu."

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema basi, siku atakayonawa vizuri.

Hakuipata hiyo siku. Kile kikohozi nilichodhani ni cha kicheko kilikuwa na mambo yake, kikampeleka hospitali, na hospitali ikamrudisha kwenye jeneza.

Asubuhi ya mazishi niliitoa sarafu kwenye kopo lake nikaamua jambo dogo tu, dogo kweli: nitapiga picha moja, sarafu mbele, jeneza nyuma, angalau wawe pamoja hata kwa kuchelewa. Basi nikasimama kwenye foleni ya wanafamilia wanaotupa udongo, sarafu mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto (ningebadilisha mikono leo ningekuwa mtu wa heshima zake), nikawa navizia watu wapungue kidogo, mara shangazi nyuma yangu akanisukuma taratibu, "Tupa udongo, mama, watu wanangoja." Nikainama, nikachota, nikatupa.

Udongo haulii vile. Ulilia kama sadaka inayoanguka kwenye sahani. Na mimi, badala ya kumeza aibu yangu nikaenda zangu, nikapaza sauti mbele ya kijiji kizima, "Ngojeni, sarafu yangu imeingia!"

Kwaya ikafa kidogo kidogo, wale wa besi wakawa wa mwisho kupata habari. Kisha minong'ono. Kwetu huku kitu hakiingii kaburini bila sababu, na mzee mmoja akasema waziwazi kwamba udongo usitupwe tena mpaka ijulikane marehemu amefungwa na nini, na kwa kazi ya nani. Nilidhani wananiangalia mimi. Kumbe macho yalikuwa yameshanivuka, yako kwa Bibi aliyekaa kwenye mkeka, maana mtoto wa miaka kumi na sita hatumwi na upepo.



Baba alishuka kaburini na suti yake moja tu aliyonayo, akapapasa udongo juu ya jeneza la baba yake mzazi, akaipata, akainyanyua watu wote waione. "Sema mwenyewe ni ya nini," akaniambia. Nikasema. Nikasema yote, simba, sketi, kundi, picha aliyoiomba, mpaka ile ramani ya Burundi, na utani uliomchekesha Sogokuru mpaka akakohoa safari hii haukumchekesha mtu. Yule mzee akaangalia pembeni. Katekista akakohoa, akasema basi itolewe tuendelee.

Bibi akainuka. Toka nikiwa mdogo, kwa kuwa Sogokuru aliniita mchumba, yeye huniita mke mwenza, tena kwa kunichokoza.

"Mke mwenzangu," akasema, "mrudishie mume wetu. Mwache aishike."

Katekista alikifunga kitabu chake. Halafu akaanzisha wimbo yeye mwenyewe. Nilitikisa kichwa kumwambia Baba ndiyo, naye akaiweka sarafu juu ya mbao, pale alipokadiria mikono ilipo, akapanda. Simu sikuinyanyua.

Siku hizi shuleni wananiamkia, "Shikamoo, simba," nami naitikia marahaba, nifanyeje. Yule dada wa Biharamulo amewaambia wenzake kundini waige picha zangu, ni safi, hazina hata kivuli cha kidole. Ziko tisa. Nimezikuza moja baada ya nyingine mpaka zikapasuka vipande vipande, natafuta hata ukucha. Hakuna. Nilikata vizuri mno.

Kwa hiyo mimi mtu simkati tena kwenye picha, awe na utomvu, awe na masizi, awe na matope ya shamba zima. Atanawa baadaye.