Mwalimu Aliyehesabu Hatua

Mwalimu wa kweli hapandi mlima katikati ya muhula. Hilo ndilo lilinigonga kwanza. Shule zilikuwa zimefunguliwa, watoto wa jirani walikuwa wamepita na sweta zao asubuhi hiyo hiyo, halafu huyu mama wa miaka thelathini hivi akasimama langoni na begi mgongoni, jipya kabisa, akasema yeye ni mwalimu upande wa Mweiga na anataka kulala siku mbili halafu apande.

"Peke yako?" nikamwuliza.

"Peke yangu, mzee. Kwani nikuje na nani?"

Nikamwandika kitabuni. Mimi kuandika najua, nilifika darasa la tatu, na jina la mtu nikitajiwa polepole nalipata. Lakini nilipofika mahali pa kuandika kazi yake kalamu ilikataa. Nikaacha wazi.

Niseme kwanza hosteli yetu ni ya namna gani. Iko Naro Moru, nje kidogo ya barabara ya kwenda Nanyuki, na ni ya hawa watu wa begi mgongoni. Chumba kimoja kikubwa chenye vitanda vya dabodeka, jiko la kuni, na kamba ndefu ya kuanika soksi ambazo hazikauki. Wengi ni wazungu. Mzungu mwenye begi simwogopi, najua anatafuta nini, anatafuta taabu, na mlimani iko ya kutosha. Mmoja alioga mtoni mwezi wa saba akatoka rangi ya kiazi kwa baridi. Mwingine aliniachia viatu, hivi hivi nimevaa, vikubwa kidogo, naweka karatasi mbele. Lakini mtu wetu, Mkenya, peke yake, na begi ambalo halijawahi kuona matope? Huyo anatafuta kitu kingine.

Na mimi nilikuwa na kitu cha kutafutwa. Chumba changu kiko nyuma ya jikoni, ukuta mmoja tunagawana na jiko ndiyo maana kina joto. Nimekaa humo kuliko nilivyokaa popote. Mwenye hosteli, mzee tuliyezeeka naye, alikuwa amekufa, na mali yote ikaenda kwa binti yake anayekaa Nairobi. Tangu mazishi huyo binti alikuwa hajaniambia nikae wala nitoke. Hakuna karatasi. Shamba la baba yangu kule Tetu ndugu zangu waligawana nikiwa mlimani na wageni, niliposhuka nikakuta mpaka umehama na migomba yangu iko kwa mtu. Kwa hivyo nikitolewa hapo, sina pa kwenda. Ni hivyo tu.

Sasa fikiria, siku ya pili, natoka kuchota maji, namkuta mwalimu kando ya ukuta anatembea. Si kutembea kwa mtu ananyoosha miguu. Anaweka mguu, anaweka mguu, na mdomo unacheza. Anahesabu! Akafika kona, akatoa simu, akapiga picha tangi la maji. Tangi! Mlima uko nyuma yake mweupe kama umeoshwa, yeye anapiga picha tangi linalovuja.

"Mzee," akaniambia akiniona, "hii shamba inaishia wapi?"

"Inaishia pale inaishia," nikamjibu.

"Ala! Si nauliza tu."

Nikaingia jikoni. Mpishi wetu ni mama Mwislamu wa Nyeri mjini, watu wake walikuja zamani kutoka kila mahali, na Kiswahili chake ni kile kilichonyooka, cha kutuaibisha sisi.

"Huyu si mwalimu," nikamwambia. "Ni mtu wa kununua. Ametumwa kupima."

"Mzee wangu, wiki iliyopita ulisema yule Mjerumani ni jasusi kwa sababu hakuweka sukari kwenye chai."

"Na aliweka?"

"Mtu ana sukari mwilini! Muulize basi huyu, usinung'unike kwenye moshi wangu."

"Nikimwuliza atanidanganya."

"Basi mfuate huko mlimani ukamsikilize akihema. Mtu akihema hawezi kupanga uwongo."

Alisema hivyo kunicheka, lakini mimi nililichukua neno. Mtu haruhusiwi kupanda peke yake, lazima awe na wa kumwongoza, na vijana wetu wote walikuwa juu na kundi lingine. Mimi magoti yangu yalikuwa yameshastaafu kabla yangu. Hata hivyo nikatafuta kitambulisho changu cha zamani cha kuongoza wageni. Sisi wenyewe hiyo kazi tunaiita gaidi, tukiiga Kiingereza cha wageni, na kwa redio gaidi ni mtu mwingine kabisa, wa mabomu, askari mmoja mgeni aliwahi kumshika mwenzetu soko la Karatina kwa kujitambulisha vizuri. Nikamwambia mwalimu nitamwongoza mimi mwenyewe, na chakula nitabeba mimi.

"Wewe, mzee? Utaweza?"

Ona swali. Anapima na mimi pia, nikasema moyoni.

Siku ya kwanza hupanda hadi kile kituo cha hali ya hewa, tunakiita Meti, hapo msitu unaanza kuisha na mianzi iko nyuma. Hakuna taabu, ni barabara. Nilimchunguza njia nzima. Alitembea vizuri, haraka hata, kama anayetaka kumaliza. Aliniuliza nimefanya kazi hapo miaka mingapi, paa lilibadilishwa lini, nani hushika ufunguo. Nikajibu yote nusu nusu. Mimi nikamwuliza darasa gani anafundisha. La sita. Na nani yuko na hao watoto sasa? Akanywa maji, akasema ako likizo.

Likizo!

Tulipofika Meti nikamwuliza lile swali ambalo kila mtu wa mlima humwuliza mgeni, jioni na asubuhi, hata kabla ya kumsalimia.

"Uko na kichwa?"

Hapa nieleze. Sisi mapota wa Naro Moru, wabeba mizigo ya mlimani, kichwa ni ugonjwa. Ni ule wa kukosa hewa, unaanza kama mtu anakubonyeza kwa vidole hapa na hapa, na ukiudharau unakuua. Hatusemi kichwa inaniuma, ni maneno mengi kwa mtu anayehema. Tunasema niko na kichwa, sina kichwa, basi. Tumesema hivyo hata tumesahau kwamba kuna njia nyingine ya kusema.

Mwalimu akanitazama. Akacheka kidogo, cheko la pembeni.

"Niko nayo, mzee. Kubwa tu. Kwani ulifikiria?"

Nami nikasema moyoni, vizuri, Meti tu na ameshashikwa. Nikamwambia hatutaondoka asubuhi, tutakaa mpaka saa sita, na anywe supu ya kitunguu saumu. Akanuna. Alikunywa kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo, na nikafurahi. Sitaficha, nilifurahi. Niliona mtu wa kupima mashamba ya watu amepimwa.

Kesho yake tukaingia lile tope la kusimama. Watu wakisikia tope hudhani ni chini, hili limesimama kama ukuta na unapanda juu yake ukishika nyasi. Ukungu ukaja. Hakuongea tena. Pumzi yake ilikuwa fupi, na mara mbili alikaa bila kuniambia. Nikasema moyoni, sasa anapanga ripoti. Kabla ya kufika kambi ya juu, kwenye bonde lenye ile miti inayofanana na kabichi iliyopewa mguu, nikamwuliza tena.

"Sasa je? Uko na kichwa?"

Akageuka. Macho mekundu.

"Sina, mzee! Sawa? Sina hata kidogo. Ningekuwa nayo ningekuja huku?"

Haya. Hana kichwa, nikasema, jana ilikuwa uchovu tu. Nikapika, hakula. Nikasema anaringa. Akaingia kulala jua likiwa bado mlimani, nikasema anakwepa maswali yangu. Kila kitu alichofanya mama yule nilikuwa na jina lake tayari.

Asubuhi nikamkuta amekaa nje juu ya jiwe, jua limeshatoka. Alikuwa anavaa viatu. Kiatu cha kulia kilikuwa mguu wa kushoto. Akashika kamba, ikamtoka. Akashika tena, ikamtoka, na akaiangalia kamba ile kama ni kitu ambacho amesikia habari zake lakini hajawahi kukiona.

Mimi nimeona hivyo mara tatu katika maisha. Mmoja wa hao watatu tulimshusha amefunikwa.

"Mwalimu," nikamwambia, "kichwa inauma?"

"Inauma," akasema. Maneno yalitoka mazito, kama ya mlevi. "Tangu juzi. Inauma sana, mzee."

Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja, kumshusha, sasa hivi, begi libaki. Nikapiga magoti, nikabadilisha viatu, nikaanza kufunga. Na hapo mikono yangu ikasimama. Sijawahi kumwambia mtu hili ila mpishi. Nilimwangalia usoni, nikaona huyu sasa hawezi kupanga uwongo. Nikamwuliza.

"Nani alikutuma?"

Akanitazama.

"Kwa hosteli. Nani alikutuma upime?"

"Mwenyewe," akasema. "Yule binti. Tulisoma na yeye."

"Alitaka nini?"

"Maji," akasema. Nikajua hajibu, anaomba.

"Alitaka nini kwangu?"

Akatapika. Kwenye viatu vyangu, vile alivyoniachia yule mzungu. Ndipo nikaamka kutoka pale nilipokuwa. Haukuwa muda mrefu, labda wa kuchemsha kikombe cha chai. Lakini mtu wa hali hiyo hapaswi kungojea chai ya mtu.

Nikamfunga kanga begani, ile aliyoleta ya kujifunikia, nikashika ncha, tukashuka. Lile tope nililipita nimekaa, yeye mbele yangu katikati ya miguu yangu, kama watoto wanateleza. Magoti yangu yalilia, nikayaacha yalie. Alianguka mara nyingi. Mimi nilianguka mara moja, vibaya, na nikashukuru, sijui kwa nini.

Uzuri wa huo ugonjwa ni kwamba unabaki juu. Tulipokaribia Meti alianza kuongea sawa. Akaomba biskuti. Akala nne. Halafu akasema:

"Mzee, na wewe una dharau! Siku mbili unaniuliza mbele ya miti kama niko na akili."

"Akili? Nani ameuliza akili?"

"Si umesema, uko na kichwa?"

Nikakaa chini. Kwao, na kwa watu wote wa shule, kuwa na kichwa ni kuwa na akili. Nilijua. Watoto wa jirani husifiwa hivyo na walimu wao. Nikamweleza kichwa chetu ni kipi. Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Jameni, na mimi nikakuambia niko nayo kubwa!" Nami nilicheka, lakini si sana, kwa sababu lile swali langu la kule juu lilikuwa limekaa katikati yetu na sikujua kama analikumbuka.

Alikumbuka. Siku iliyofuata, hosteli, alikaa kwenye benchi akaandika kurasa mbili kwa Kiingereza. Nikakaa mbele yake.

"Unaandika nini?"

"Yale niliyotumwa. Nitakusomea, si siri tena." Akasoma kwa Kiswahili. Tangi linavuja. Blanketi ni safi. Mpishi ni hodari na ana mdomo. Mzee anajua mlima, alinishusha peke yake na magoti mabovu. Kabla ya kunishusha, aliniuliza kwanza nani alinituma.

"Hiyo lazima uandike?"

"Si ni kweli, mzee?"

"Ni kweli."

"Basi."

"Na chumba changu?"

"Nimeandika unastahili kubaki nacho."

Nikamwomba nione mahali hapo. Akaniwekea kidole kwenye mstari. Nikauangalia. Ulikuwa mfupi sana, kwa maneno aliyoyasema ulikuwa mfupi, na Kiingereza siwezi kukiuliza kitu. Akaondoka na kurasa zake.

Binti alikuja wiki mbili baadaye, gari jeupe. Alinisalimia kwa heshima, akaniita baba. Alikunywa chai, akaniambia chumba ni changu hadi siku nitakayochoka nacho. Na kwamba sitapandisha mgeni tena, hata mmoja, hata mpaka Meti.

"Ni kwa sababu ya magoti?" nikamwuliza.

"Ni magoti, baba."

Aliangalia kikombe akisema hivyo.

Sikubishana. Angesema ile sababu nyingine, ya lile swali langu la kule juu, ningesema nini? Nilimwuliza tu kama hilo la chumba ataniandikia karatasi. Akasema kati yetu karatasi ya nini, neno lake linatosha. Nikasema asante. Jumatatu iliyopita nilimpigia simu nikauliza tena, akacheka, akasema nisiwe na wasiwasi. Kesho ni Jumatatu, nitapiga tena.