Msichana wa Trekta

Kazini wanamwita Mama Greda, na jina hilo anatembea nalo kifua mbele. Miaka nenda miaka rudi amekaa juu ya ule mtambo wa kuchonga barabara, akisawazisha njia ambazo abiria hupita wakisinzia bila kujua nani aliyeziondolea mabonde. Jumapili moja mchana binti yake, muuguzi, aliingia na simu mkononi.

"Mama, ile filamu yenu nimeipata. Ya msichana wa trekta!"

Mama Greda aliacha kukunja nguo. Filamu ile aliiona mara moja tu akiwa kigori, kwenye ukumbi wa shule, amebanana na dada yake kwenye benchi. Ilimhusu msichana anayejifunza kwa siri kuendesha trekta la mjomba wake, na mwishoni akaliendesha hadi mjini. Ndiyo iliyomtia kichaa cha usukani.

"Mwite mama yako mkubwa," alisema. "Hii siitazami peke yangu."

Dada mtu, fundi cherehani, alifika na pini bado zimechomekwa kwenye blauzi. Binti akaiunganisha simu na runinga, wakajipanga kwenye kochi. Utulivu haukuwepo.

"Mwone, mwone, sasa anaiba ufunguo!"

"Nyamaza basi, mtoto asikie!"

Msichana alipotia gia kwa mara ya kwanza, mguu wa Mama Greda ulijikanyagia zulia wenyewe.

Kisha mjomba akaliuza trekta. Msichana akasimama kando ya njia, akalitazama likitokomea, akarudi jikoni. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Na mjini je?" Mama Greda aliuliza.

"Hakuna mjini, Mama. Imeisha."

Dada mtu alikuwa ametoa macho. Ghafla akajipiga paja. "Umeme! Si umeme ulikatika, mdogo wangu? Tukatolewa ukumbini, tukarudi nyumbani tunabishana itaishaje. Wewe ndiye uliyempeleka mjini!"

Yakamrudia yote: giza, watoto wakizomea, wao wawili njiani wakitunga mwisho wao, wakautunga vizuri mpaka wakauamini. Mama Greda alicheka, kisha akaikazia macho runinga.

"Kumbe siku ile ya kuomba kazi, nyapara aliponiambia kambi ya barabara imeshapata mpishi, nikampita nikapanda mtambo, nilikuwa namwiga mtu ambaye hayupo?"

"Hayupo vipi?" Dada alimgeukia binti. "Mwanangu, aliwahi kukuambia siku walipochonga barabara ya pale dukani kwangu?"

"Hajawahi."

"Nampima mteja kiuno, nasikia mngurumo. Nikamwacha mama wa watu na futi kiunoni, nikatoka mbio, mkasi mkononi. Vumbi hilo! Mama yako huko juu na kofia ngumu, hatazami kulia wala kushoto. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka: huyo ni mdogo wangu! Huyo ni wa kwetu! Na yeye, kimya, kama hanijui."

Binti alimtazama mama yake. "Hukumsikia?"

"Nilimsikia tangu kelele ya kwanza," Mama Greda alisema, akijifuta jicho kwa upindo wa khanga. "Ningegeuka ningelia. Na ningelia, barabara ingepinda."