Zege Halisomi Ratiba

Jumamosi ya kwanza ya muhula, tulipokuwa tukimsubiri mhadhiri katika darasa la ghorofa ya pili, mlango ulifunguliwa akaingia mwanamume wa makamo, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata kidole. Alichechemea kidogo mguu wa kulia. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimepasukapasuka kwa saruji ya miaka mingi. Dada mmoja wa safu ya nyuma akafurahi kumwona.

"Afadhali umekuja, fundi. Feni ile pale haizunguki."

Yule baba akaitazama feni, kisha akatutazama sisi. "Feni nitaiangalia baadaye," alisema. "Leo nimekuja kujirekebisha mwenyewe."

Akavuta kiti cha mbele kabisa, akaketi, akatoa daftari. Darasa zima liliangua kicheko, naye akacheka pamoja nasi. Wakati wa mapumziko alipanda juu ya meza, na mguu wake ule unaochechemea, akaitengeneza ile feni.

Tulikuwa tunaanza shahada ya usimamizi wa miradi, ile inayosomwa Jumamosi na watu wenye kazi zao. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa ununuzi katika duka la vifaa vya ofisi, mwepesi wa kompyuta na mwepesi zaidi wa maneno. Yeye alikuwa na arobaini na tisa, mwashi. Wenzake kazini walimwita Pimamaji, kwa sababu hakuwahi kuacha ukuta kabla ya kuuwekea kile kipimo chenye kiputo cha maji na kuhakikisha umenyooka. Jina likamfuata mpaka chuoni.

Miaka mitatu nyuma, jukwaa alilosimamia lilivunjika akaanguka nalo. Goti halikurudi kuwa goti. Kampuni ikampa kazi ya kuwasimamia mafundi wenzake, lakini kila mpango alioandaa ulisainiwa na kijana mwenye shahada ambaye, maskini, hakujua hata kokoto zinapimwaje. Pimamaji hakumchukia yule kijana. Alimwambia tu mkewe kwamba amechoka kuwa na mdomo usio na sauti. Mkewe ni mshonaji, kazi yake anaifanyia sebuleni kwao. Hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani.

"Umejenga madarasa zaidi ya ishirini, mume wangu," alimwambia. "Na wewe sasa nenda ukakae ndani ya moja."

Akaenda. Alikuwa na cheti cha ufundi. Akafanya mtihani wa watu wazima wanaotaka kuingia chuo kikuu, akapita kwa kujipenyeza.

Mhadhiri wetu alikuwa mama mwembamba, mkali wa saa, ambaye aliandika ubaoni kwa herufi ndogo kana kwamba chaki inakaribia kwisha duniani. Siku aliyofundisha habari za wadau, Pimamaji alinyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Wadau ndio nani hasa?"

"Ni wote wanaoguswa na mradi. Wenye kunufaika, wenye kuumia, wenye mamlaka, hata majirani."

"Aa," akasema, akiandika. "Wale wenye kelele."

Mhadhiri alijaribu kujizuia, akashindwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake.

Lakini kucheka ni jambo moja na kufaulu ni jambo lingine. Jaribio la kwanza lilifanyika wiki ya sita. Karatasi ziliporudishwa, Pimamaji aliikunja yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akatuaga kwa adabu. Jumamosi iliyofuata kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Darasa lilikuwa baridi kama nyumba iliyohamwa. Mimi, ambaye nilikuwa nimezoea kukaa nyuma yake na kunong'onezwa vichekesho, nilijikuta nikigeuka kila mlango ulipolia.

Kesho yake mchana nilikwenda kwao. Nilipiga hodi, mkewe akanikaribisha, akanisogezea kiti kilichojaa vipande vya vitambaa. Mumewe alikuwa amekaa dirishani, akiparura saruji iliyogandia kwenye mwiko wake wa zamani.

"Nimepata thelathini na moja, binti," alisema kabla sijamuuliza. "Kwa mia. Kichwa changu ni kama saruji iliyosahaulika ndani ya mfuko. Imegeuka jiwe. Haichanganyiki tena na maji."

"Hata hiyo ina kazi yake," mkewe akadakia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Watu huiweka mlangoni ikawa ngazi."

Tulicheka mpaka mama wa watu akalazimika kusimamisha cherehani. Na kicheko kilipoisha, mambo yalikuwa yamelegea. Nilimwomba anionyeshe ile karatasi. Niligundua kwamba majibu aliyajua, ila aliyaeleza kwa lugha ya ujenzi, na jedwali la kompyuta hakuligusa kabisa. Tukakubaliana. Mimi nitamfundisha kompyuta na msamiati wa darasani, yeye atanifundisha kazi yenyewe inafanywaje, kwa kuwa mimi mradi niliujua kwenye skrini tu. Wakati ule nilidhani mimi ndiye ninayetoa zaidi. Ujana una mambo yake.

Muhula wa pili kila kundi lilipewa mradi mdogo wa kweli. Kundi letu lilikuwa la watu watatu: mimi kiongozi, Pimamaji, na muuguzi wa zahanati moja pale mjini. Kwenye zahanati yake akina mama wajawazito walisubiri nje juani, na mwenye kiti cha magurudumu alibebwa juu kwa juu kama gunia. Tukaamua kujenga ukumbi wa wazi wenye paa na mabenchi, pamoja na njia ya mteremko. Wafadhili walikuwa wazazi waliohudumiwa pale na maduka ya jirani, mafundi walijitolea. Tulipewa wiki nane.

Niliandaa ratiba ya kupendeza, rangi saba, kila kazi na mstari wake. Nikawaonyesha wenzangu. Muuguzi akasifu. Pimamaji aliitazama kwa muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga.

"Vipi, Fundi? Kuna kitu?"

"Hakuna, kiongozi. Rangi zimekaa vizuri."

Mhadhiri naye aliisifu. Nikatembea wiki nzima kichwa juu.

Jumanne ya kumwaga zege la sakafu ilikwenda salama. Alhamisi asubuhi mafundi wakaja kusimamisha nguzo na kupandisha kenchi, zile mbao za kubeba paa, kama ratiba ilivyosema. Nilimkuta Pimamaji amesimama katikati ya uwanja, mikono ameinyoosha kama anayezuia ng'ombe.

"Hapana," alikuwa akiwaambia. "Hakuna nguzo inayosimama hapa leo."

"Ratiba inasema leo!" nilisema.

"Zege halisomi ratiba, mwanangu. Lina siku mbili tu. Tulimwagilie maji wiki nzima ndipo tulibebeshe mzigo. Tukilibebesha leo, litapasuka, na paa litakuja kuwakalia wajawazito."

Nilihisi uso unawaka mbele ya mafundi. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Uliiona!"

Alishusha mikono. "Niliiona," alisema polepole. "Siku ileile uliyotuonyesha. Nikaogopa. Mtu wa alama thelathini na moja atamsahihisha nani? Nikajiambia labda vitabuni kuna zege la aina nyingine." Akatikisa kichwa. "Kosa hili ni langu. Nisamehe."

Nilikumbuka jinsi nilivyomuuliza siku ile: nikiwa tayari nimeanza kufunga kompyuta. Muuguzi ndiye aliyetutoa pale. Alituketisha kwenye chumba cha kupimia uzito wa watoto, akatupa chai, akasema, "Haya. Wagonjwa wangu wanasubiri. Tunafanyaje?"

Pimamaji akampigia mkewe simu. Baada ya nusu saa mama aliingia na mfuko wa masalio ya vitambaa na sanduku la pini. Tulivuta kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda. Kila kazi tukaikatia kitambaa: shubiri moja ya mkono wa mama ni siku moja. Kukomaza zege, kitambaa cha bluu cha shubiri saba. Kutengeneza mabenchi, chekundu cha shubiri nne. Kuunganisha kenchi chini badala ya juu, njano, tatu. Vyuma vya kushikilia kwenye mteremko, kupaka rangi mbao, kibao cha mlangoni. Zile zinazoweza kwenda pamoja tukazibandika moja chini ya nyingine, zinazosubiriana tukazifuatanisha. Pimamaji alikuwa akihamisha vipande, akirudi nyuma, akihamisha tena. Ghafla akasimama.

"Ngoja," alisema. Akaugusa mlolongo mrefu kuliko yote, kuanzia bluu ya zege hadi bati la mwisho. "Hawa wakichelewa siku moja, sote tumechelewa siku moja. Wale wengine wana nafasi ya kupumua. Si ndiyo ile njia kuu ya mradi aliyotufundisha mwalimu? Ile iliyoninyima usingizi?"

"Ndiyo hiyo hiyo," nilisema.

"Jamani! Mimi hii ninaifanya miaka ishirini na sita. Hakuna aliyeniambia ina jina!"

Alicheka, lakini macho yalikuwa yamelowa, na mkewe akajifanya anatafuta pini sakafuni.

Tulimaliza siku tatu baada ya muda tuliopewa. Ripoti niliiandika mimi, na sura nzima niliitoa kwa lile kosa: ratiba yangu, ukimya wake, na namna nilivyouliza swali nisilotaka jibu lake. Niliogopa alama. Mhadhiri aliandika pembeni kwa herufi zake ndogo: "Hii ndiyo sura niliyokuwa nikiingojea kutoka kwa kila kundi." Siku ya kufungua, wa kwanza kuketi alikuwa mama mwenye mimba kubwa aliyeshusha pumzi ndefu, akavua viatu, akasema, "Mungu awape heri, nyie watu." Pimamaji hakumsikia vizuri kwa kuwa alikuwa amechuchumaa, akikagua mteremko.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ule alipata sitini na nane. Hakuikunja karatasi. Aliishika wazi mpaka kituo cha basi, na nadhani kondakta aliisoma pia.

Miaka minne ilikwisha tukahitimu. Kwenye tasnifu yake kuna ukurasa wa shukrani ambao nimehifadhi nakala yake. Amemshukuru mhadhiri kwa kutomhurumia. Amemshukuru mkewe "aliyeshona usiku na mchana ili nisome, na kunisoma nilipochoka." Mimi amenishukuru kwa kupiga hodi. Nilipousoma nilimpigia simu kumwambia amekosea hesabu, kwamba mwenye deni la shukrani ni mimi. Akasema tusibishane, shukrani haina rejareja, tugawane nusu kwa nusu.

Sasa anasimamia ujenzi wa shule za msingi, na mipango yake anaisaini mwenyewe. Mwezi uliopita nilimtembelea kazini asubuhi. Mafundi walikuwa wamesimama kwa duara, naye alianza kumuuliza mdogo wao kwanza: ameona nini ambacho wengine hawajakiona? Alikuwa binti wa kazi za bomba, mgeni, wiki ya kwanza. Akasitasita, akamtazama bosi wake, akasema kwa sauti ndogo kwamba sakafu ya vyoo imepangwa Jumatano, ilhali mabomba ya chini yatafika Alhamisi.

Pimamaji alifungua daftari lake, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Asante, fundi bomba," alisema. "Umetuokoa." Kisha akawageukia wengine. "Sakafu ni Ijumaa. Haya, nani anafuata?"