Akinyamaza, Futa

Ijumaa ile Bu Ning, yaani Mama Ning, aliinuka kitini mara sita kabla hata ya saa tatu na nusu asubuhi. Alikwenda kuchota maji ya moto, akarudi bila kikombe. Akafungua dirisha, akalifunga. Akakaa, akaitazama saa ya kompyuta, akainuka tena. Wenzake ofisini walijifanya hawamwoni. Kwa Wajava wa Yogyakarta mtu haulizwi kilichomkaa moyoni. Husubiriwa aseme mwenyewe, na asiposema, basi.

Kilichomkaa moyoni ni mashine aliyoiunda kwa mikono yake, na mashine hiyo ilikuwa ianze kufuta saa nne kamili.

Bu Ning ni mlinzi wa ghala. Usifikirie mpunga, ni ghala la programu ambazo kampuni yao huziandikia zahanati za vijijini. Mwandishi akitaka kujaribu jambo, huchipusha tawi lake, nakala ya pembeni, ili asiharibu shina la kazi, na akimaliza, tawi huunganishwa na shina na kazi ikaenda kwa wateja. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini binadamu ni binadamu. Huyu anaanza tawi anapata homa, yule anaanza anapata uvivu, na baada ya miaka ghala linakuwa pori, ukisubiri nakala moja tu ya kazi unaweza kwenda kupika wali ukarudi kabla haijamaliza. Kwa hiyo kila Ijumaa, kwa miaka kumi na mmoja, Bu Ning alifyeka. Alifuta matawi yaliyokufa, akalibana ghala lipungue uzito, akahakikisha shina ni zima.

Hakuwa akifuta bila kuuliza. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alibeba sahani ya tempe, vipande vya soya iliyochachushwa na kukaangwa, akapita meza hadi meza.

"Mas, hili tawi lako bado unalitaka?"

"Nggih, Bu."

Mas ni kaka, nggih ni naam. Lakini naam ya Wajava ina vyumba vingi: ipo ya kukubali, ipo ya kukataa, na ipo ya nimekusikia, sasa niache nifanye kazi. Bu Ning alijisifu kwamba anazijua zote kwa sauti tu. Mtu akimjibu nggih huku ameinamisha kichwa, alijua huyo bado analitaka tawi lake, ila anaona haya kwamba hajalimaliza. Akaliacha. Na kusema kweli, alijipenda sana kwa hilo.

Miezi minne iliyopita aliletwa mkuu mpya wa ufundi, Bang Togar, Kaka Togar kwa lugha ya kwao, mtu wa Medan, kisiwa kingine, ambaye akinong'ona wewe uliye barabarani unasikia. Wiki ya kwanza tu aliitazama ile sahani, akachukua vipande vitatu, akasema mdomo ukiwa umejaa:

"Bu, huku kuzunguka kama mgawa pilau wa harusi kutakwisha lini?"

"Nazunguka kwa sababu watu hawasemi, Bang. Lazima uwatazame usoni."

"Sasa mashine itawatazama. Tawi likikaa siku tisini halijaguswa, mwenyewe anatumiwa ujumbe. Ana siku tatu. Akisema bado, linabaki. Akinyamaza, futa."

"Huku kwetu mtu akinyamaza maana yake bado analitaka."

"Basi kimya chake kimfundishe kusema! Mzoea punda hapandi farasi, najua, lakini wewe Bu utapanda. Na utamtengeneza farasi mwenyewe."

Chumba kizima kilicheka kwa midomo iliyofumbwa.

Akamtengeneza. Bu Ning si mtu wa kufanya kazi nusu nusu hata kama kazi yenyewe anaichukia. Mashine hiyo, programu tu ndani ya kompyuta, ikajua kuhesabu siku, kutuma ujumbe, kufuta na kulibana ghala, yote bila kugusa tempe. Hilo la kubana ndilo lililomnyima raha, kwa sababu ghala likishabanwa, tawi lililofutwa halirudi, ulie usilie.

Jumanne mashine ilituma ujumbe kwa wenye matawi thelathini na moja. Jumatano hakuna aliyejibu. Alhamisi hakuna aliyejibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliisoma orodha mpaka akaijua kwa moyo, na kila alipoisoma macho yalikwama palepale, kwenye tawi la Pak Wagiman, Mzee Wagiman.

Pak Wagiman ndiye mkubwa wao kwa umri, miaka hamsini na sita, mtu ambaye huzungumza na sakafu. Tawi lake lilikuwa kalenda ya chanjo, kazi ya miezi kumi na minne. Kila Ijumaa Bu Ning alimwuliza, kila Ijumaa alijibu nggih akiangalia chini, na jioni yake tawi likaongezeka mistari miwili mitatu. Ghafla, tangu miezi mitatu iliyopita, halikuguswa tena. Bu Ning aliamini mzee wa watu anaumwa. Na sasa, kwa kuwa hakujifunza kupaza sauti, jasho lake lote litafagiliwa na kitu alichokiunda Bu Ning. Atamwangaliaje usoni?

Alhamisi alikwenda kumwambia.

"Pak, ujumbe umeuona?"

"Nggih, Bu."

"Jibu tu neno moja. Bado. Mashine haitauliza zaidi."

"Nggih, Bu."

"Utajibu leo?"

"Nggih."

Hakujibu.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Ijumaa kiti kilikuwa kama kina miiba. Saa tatu na dakika hamsini Bu Ning aliinuka mara ya saba, akakaa, akasema kimoyomoyo potelea mbali, akaizima mashine. Saa nne ikaja ikapita.

"Bu!" Bang Togar alipaza sauti kutoka chumbani kwake. "Imefanya kazi?"

"Nggih, Bang," alijibu Bu Ning, akainamisha kichwa.

Kisha akaenda mezani kwa Pak Wagiman, hofu imemwisha, uso umemchangamka kama aliyeokoa mtoto mtoni. Alimkuta mzee ameegemea kiti, anakunywa chai na kuimba puani. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akiimba.

"Pak, tulia. Nimeizima. Tawi lako lipo salama."

Wimbo ulikatika. Pak Wagiman aliweka glasi chini taratibu.

"Nggih, Bu. Asante sana, Bu."

Akaisogelea kompyuta, akalifungua lile tawi, akaanza kuandika mstari. Mabega yalimshuka kama mtu aliyetua mzigo akaambiwa aubebe tena.

Bu Ning alivuta kiti, akakaa. Hasira zilimpanda, hakujua anamkasirikia nani.

"Pak Wagiman. Sijakaa kitini kwa raha tangu Jumanne kwa ajili yako. Naomba uniambie ukweli, hata kama ni mbaya."

Mzee aliiambia sakafu:

"Nilikosea, Bu. Tangu mstari wa kwanza. Kalenda ile haiwezi kufanya kazi hata niiandike miaka kumi. Nimelijua hilo mwaka mzima."

"Mwaka mzima! Na mimi nakuuliza kila wiki?"

"Unauliza kwa upole mno, Bu. Na tempe mkononi. Nani ana uso wa kukwambia futa? Nikawa naongeza mistari miwili, usije ukanionea huruma." Akapangusa glasi kwa kidole. "Niliposikia mashine inakuja, nikaacha kuligusa. Nimehesabu siku tisini moja moja. Nikasema, nikinyamaza tu, limekwisha, na hakuna atakayeona haya, si mimi wala wewe."

"Si ungeijibu mashine, basi? Neno moja, futa!"

"Ujumbe ulikuja na jina lako, Bu. Pale chini. Wako, Ning."

Bu Ning aliona masikio yake yakiwaka moto. Alisimama, akakosa pa kuweka mikono. Miaka kumi na mmoja amewasoma watu kama kitabu, kumbe alikuwa akijisomea mwenyewe! Aliwatazama wenzake, vichwa vyote vimeinama, na hakuweza tena kusema ni yupi anaona haya na yupi anafanya kazi tu.

Alirudi mezani. Akalifuta jina lake kwenye ujumbe, akaandika mahali pake: Mashine ya Ghala. Akautuma upya kwa wote thelathini na mmoja. Kisha akakaa akitikisa mguu chini ya meza, anaomba Mungu wasijibu, anaomba wajibu.

Haikupita dakika moja.

Futa.

Futa.

Futa tu.

Bado, naomba wiki mbili.

Futa, lilikuwa la kujaribu.

Futa. La mwaka gani hili?

Majibu yalikuja kama mvua ya kwanza juu ya bati. Chumbani hakuna aliyefungua mdomo, vidole tu vilisikika. Bado zilikuwa tatu. Zilizobaki zote ni futa. Jibu la Pak Wagiman lilikuwa la saba, herufi nne bila nukta, na baada ya dakika chache puani kwake wimbo ukaendelea.

La mwisho lilitoka kwa Mas Pujo, anayekaa hatua mbili nyuma ya Bu Ning, kijana wa adabu ambaye hakuwahi kukataa kipande cha tempe.

Mashine, lilisema, tafadhali futa. Lakini nakuomba usimwambie Bu Ning.

Bu Ning hakugeuka. Alilifuta tawi, akamwandikia kwa jina la mashine: Sitamwambia.