Siku Sauti Iliponikimbia Msata

Nakumbuka siku moja pale Msata, mwanangu, nilipofungua mdomo kumwokoa mtoto na sauti isitoke.

Nilikuwa msichana, nauza machungwa kwenye madirisha ya mabasi. Gari halikai sana, na anayesikika ndiye anayeuza, kwa hiyo nilishinda nikipiga kelele tangu asubuhi mpaka jua linazama. Sauti ikaanza kukwaruza. Shangazi Mwanaidi, aliyenilea, akaniambia nipumzike. Nikamjibu kwamba siumwi popote. Nikazidi kujikamua, maneno yakawa yanakatika katikati.

Asubuhi hiyo nilikuwa na Zuhura, binti wa dada yangu, bado mdogo. Chungwa lilimponyoka, likabingirika barabarani, naye akalifuata. Lori lilikuwa linakuja kutoka upande wa Chalinze. Nikamwita. Nilidhani nimemwita, kumbe ilitoka pumzi tupu, kama ya mtu anayepuliza moto. Nikajaribu tena, hamna kitu, na mtoto ameinama, amenipa mgongo. Kumkimbilia nisingewahi. Nilichoweza ni kulitupa tenga zima la machungwa barabarani. Dereva aliona machungwa yanatapakaa, akafunga breki. Lori lilisimama mbele ya Zuhura, karibu aliguse kwa mkono.

Dereva alishuka mbio.

"Dada, mbona ulinyamaza?"

Nilimwonyesha koo kwa kidole, nikamvuta Zuhura kando ya barabara.

Shangazi alinipeleka hospitali Bagamoyo. Daktari akatueleza kwamba ndani ya zoloto, hapo kooni panapopanda na kushuka ukimeza mate, mna nyuzi mbili laini za sauti. Ukizungumza zinagusana taratibu. Ukipiga kelele zinagongana kwa nguvu, na zikizidiwa huvimba, zikashindwa kukutana vizuri. Zangu zilikuwa zimeota vinundu. Akanikataza hata kunong'ona. Nilikaa kimya, na kila alfajiri niliogopa kujaribu, nisije nikakuta sauti imekwenda moja kwa moja. Ilirudi, lakini ndiyo hii unayoisikia, ya mikwaruzo.

Sasa wewe unayeshinda stendi ukiita abiria, nisikilize. Sauti ikikwaruza, nyamaza, unywe maji. Usingoje maumivu, kwa sababu mimi sikuyaona. Zikipita wiki mbili tatu haijakaa sawa, nenda hospitali.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu, na siku utakayomwita umpendaye, akusikie.