Vumbi la Makuti

Siku hiyo dada yangu alikuwa anarudi kwetu Pangani kutoka hospitali, anakotibiwa saratani ya damu. Nesi alikuwa ameniambia kwamba dawa zimemshusha kinga, na kwamba vumbi la ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate, linaweza kumwotea mapafuni. Sisi wazima tunalivuta kila siku bila kudhurika. Nililiwaza jambo hilo njia nzima.

Nilipofika nyumbani, mjomba alikuwa juu ya paa akishusha makuti makuukuu, ili mgonjwa apokewe kwa paa jipya. Niliokota kuti moja nikaligonga juani. Vumbi la kijivu la ukungu likapanda kama moshi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umelishika kuti kama barua ya posa?"

Mimi huona haya kusema mbele ya watu, lakini nilimweleza yote. Akashuka, akampigia simu shangazi anayekaa mtaa wa Mabawa, mwenye nyumba ya bati, ampokee dada.

Jioni dada alinipigia. "Mmenifukuza kwetu kwa ajili ya makuti?"

"Kwa ajili ya vumbi lake."

Akauliza, "Lina rangi gani? Kama ukungu wa mkate?"